"Mpya" ya Shaban Ilininyima Kumzika Mama

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, muuza vitambaa hapa Kampala, nyumbani kwangu Makindye. Ninaandika haya kwa hasira! Nivumilieni wasomaji wenzangu, maana nikiendelea kulimeza jambo hili nitapasuka.

Mama yangu alikuwa Arua, anaumwa figo. Dawa zake nilikuwa nazichukua hospitali ya Mulago na kumpelekea mwenyewe. Mimi ndiye mwanawe wa pekee wa kumzaa. Kila nikiaga alinishika mkono na kuniambia, "Juma, siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniteremsha kaburini." Nami nikamwapia.

Sisi Wanubi hatulazi maiti. Mtu akifa alfajiri, alasiri yuko ardhini. Na basi la Arua linameza siku nzima! Ndiyo maana nikataka pikipiki kubwa ya safari... si hizi boda za mjini, bali ile yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku pembeni, inayokimbia mchana kutwa bila kuchoka. Ya dukani sikuiweza. Nikaamua kutafuta iliyotumika.

Sasa Shaban... jina lake tu linanichefua! Mama yake alifariki akimzaa, mama yangu akampa ziwa. Tulinyonya ziwa moja, tukalala mkeka mmoja. Ukubwani akawa broka, dalali wa magari na pikipiki, mdomo asali tupu. Nikamwomba anisaidie kuchagua. Ningemwomba nani mwingine?

Tukaona mbili. Ya kwanza ilikuwa Naguru, kwa Mzee Ochan, askari polisi mstaafu. Nyeusi, masanduku mekundu, moja lina mkwaruzo mrefu. Namba yake ilikuwa na zile herufi za kizamani. Mzee akaiwasha, ikanguruma taratibu. Akanitajia mwaka iliotengenezwa hata kabla sijauliza, akasema anataka imwendee mtu wa safari, si mtu wa kujionyesha mjini. Moyo wangu uliipenda palepale.

Ya pili ilikuwa kwenye yadi moja mjini. Bluu, inang'aa, na namba yake ni ya herufi za juzijuzi. Watu wa Kampala tunajijua! Hatuulizi chombo kimetengenezwa lini, tunasoma namba ya nyuma. Herufi zikiwa za juzi, chombo ni kipya na mwenyewe anaitwa bosi. Zikiwa za zamani, hata askari wa getini anakuchelewesha.

Shaban alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka Juma, banange, jamani! Utaenda kwa Mama na ile ya mzee? Angalia namba! Hii ni mpya."

Nikamuuliza, kweli mpya?

"Wallahi mpya!"

Nikaona haya kupenda kikuukuu. Nikachukua ya bluu, Shaban mwenyewe akanikabidhi ufunguo.

Haukupita muda mrefu, mama mdogo akapiga simu baada ya swala ya alfajiri, analia. Mama ametutoka... Wangezika baada ya alasiri. Nikafuta machozi, nikampigia Shaban kumpa habari, nikapanda pikipiki yangu "mpya". Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilijiambia, Mama, nakuja, nisubiri!

Nilivuka Luwero vizuri. Karuma bado iko mbele, moshi ukaanza kupanda miguuni mwangu. Mpira wa maji ya kupoza injini ulikuwa umekauka na kupasuka, maji yote yakamwagika, injini ikakaba. Kimya! Juu ya kichwa changu jua, mbele yangu barabara tupu.

Nikapiga magoti kutazama uharibifu. Ndipo nikaona kwenye chuma, chini ya usukani, kibati kidogo chenye mwaka wa kutengenezwa. Yarabi! Ilikuwa kongwe kuliko ile ya Mzee Ochan! Ilizeekea nchi za watu, ikaletwa kwetu juzi, ikapigwa rangi na kupewa namba.

Mabasi yalipita yamejaa. Kisha nikasikia mlio ninaoujua... Pikipiki nyeusi, masanduku mekundu, moja lina mkwaruzo! Nikaruka barabarani, mikono juu. Mwendeshaji alikuwa amefunika uso kwa helmeti. Akapunguza mwendo, akanitazama. Siti yake ya nyuma ilikuwa tupu! Akaongeza mwendo, akapita.

Nilifika Arua magharibi, juu ya lori la mihogo. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Wazee wakanikumbatia wakinipoza, "Usilie, Juma. Mama yako hakukosa mtoto. Shaban aliwahi, akaingia kaburini mwenyewe, akampokea."

Na uani, mbele ya macho yangu, ilisimama pikipiki ya Mzee Ochan!

Kumbe Shaban alinizuia nisiichukue ili aichukue yeye. Yadi nayo ikampa cha juu chake, kamisheni ya kuniuzia ile ya bluu. Lakini kunipita barabarani siku ya maziko ya mama aliyetunyonyesha sote... huyo ni mtu au ni nini? Kweli, kikulacho ki nguoni mwako!

Nilimvuta pembeni, nikamuuliza kwa nini aliniapia. Udongo wa kaburi la mama yangu ulikuwa bado kwenye kucha zake. Hakuinamisha hata kichwa.

"Kaka, hukuuliza mwaka. Uliuliza kama ni mpya. Na ilikuwa mpya. Mpya Uganda."

Watu wawili walinishika, la sivyo tungechimba kaburi la pili.

Wananiambia nisamehe. Nasema wazi, bado sijaweza! Mungu anisaidie, maana mimi peke yangu sitaki hata kujaribu.

Ndugu zangu, nawasihi. Unaponunua chombo kilichotumika, usidanganywe na herufi za namba wala mng'aro wa rangi. Inama, tafuta mwaka wake. Na anayekucheka kwa kupenda cha zamani, mtazame macho yake yanaangalia wapi. Akikuapia kwamba ni kipya, muulize: kipya wapi?

Mimi sikuuliza. Mama yangu akateremshwa na mikono ileile iliyonikabidhi ufunguo.