Ulimi wa Mpishi

Mpishi alirudi nyumbani jioni, akavua viatu mlangoni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Viti vilikuwa ndani, karibu tu. Lakini hata kufika kwenye kiti kulimshinda.

Tangu alfajiri alikuwa amesimama mbele ya majiko. Ana kibanda cha chakula nyuma ya chuo kikuu. Wanafunzi wanakula kwake. Walinzi wanakula kwake. Hata wahadhiri huukimbia mkahawa wao wenye vitambaa mezani, wakaja kula maharagwe yake. Jina alilopewa na wazazi wake limeshasahaulika. Kila mtu humwita Mpishi, naye huitika.

Mume wake ni fundi wa cherehani. Siku hiyo yeye alitangulia kurudi. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Umekula?" Mpishi aliuliza kutoka nje.

"Nakungoja wewe."

"Jikoni kuna sufuria, Baba. Kuna mchele, kuna kiberiti. Vyote hivyo vinakungoja wewe."

"Kichwa kinanigonga, mke wangu. Leo nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto. Mteja amelivaa shati, amebaki amenyoosha mikono kama askari wa barabarani."

Mpishi alicheka kidogo, kisha akaacha. Maumivu ya kichwa ya Fundi hayakuwa habari mpya tena. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ni kazi. Ni joto. Ni umri. Ni kukodoa macho akitunga uzi. Na Mpishi alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa, nayo ni chakula kitamu.

Basi akajikokota hadi jikoni. Akabandika wali, akakaanga vitunguu, akatia nyanya. Mchuzi ulipochemka, alidondosha kidogo kiganjani, akaonja. Akakunja uso. Akachota chumvi kwa mkono, akatia. Akaonja tena, akatia tena. Juu yake akavunjia kidonge cha kukoleza mchuzi.

"Sasa angalau kina ladha," alijisemea.

Kutwa nzima alikuwa anaonja vyungu vya watu. Ulimi wake ulikuwa umechoka hoi, kama miguu yake. Lakini miguu ukiichosha inavimba ukaiona. Ulimi hauvimbi, kwa hiyo hakuna anayeuliza habari zake.

Mezani, Fundi alivuta kopo la chumvi akanyunyiza kabla hata ya kuonja. Mpishi hakukasirika. Alikuwa amezoea.

"Chuo wamenialika," alisema. "Wanafanya tamasha la chakula. Sisi wapishi wa vibandani nasi tumepewa meza. Watu wote wanaruhusiwa kuingia."

"Siku hizi chuo kikuu kinafundisha watu kula?"

"Kinafundisha mapishi. Wanasema ni sanaa."

"Basi mimi ni profesa," alisema Fundi, akanyunyiza tena.

Siku ya tamasha viwanja vya chuo vilijaa mahema. Wanafunzi walivaa aproni nyeupe ambazo hazijawahi kuona moshi. Katika hema moja mhadhiri alieleza jinsi mahindi yalivyovuka bahari hadi yakafika kwenye sahani zetu. Katika jingine, bibi mmoja alionyesha namna ya kukausha mboga kivulini ili zisipoteze rangi. Watoto walitwanga viungo, wakapiga chafya, wakatwanga tena. Ilikuwa raha kuona watu wakigombania kujua chakula chao kinatoka wapi.

Mpishi hakupata nafasi ya kutembea. Foleni yake ilikuwa ndefu. Watu walikula, wakamsifu, kisha kila mmoja akauliza, "Samahani, maji ya kunywa yako wapi?" Mpishi alidhani ni jua.

Foleni ilipopungua, msichana wa meza ya jirani alimwita. Alikuwa mwanafunzi, mpole, na sauti ndogo.

"Shikamoo mama. Njoo nawe uonje. Hii ni meza ya ulimi."

"Marahaba mwanangu. Ulimi wa nani?"

"Wa kila mtu. Vikombe hivi vitatu vina mchuzi uleule, wa sufuria moja. Tofauti ni chumvi tu. Onja, halafu utuambie upi umekolea sawasawa."

Watu walisogea kutazama. Walikuwa wakimjua Mpishi. Mtu akasema, "Leo tutapata jibu la bingwa mwenyewe."

Mpishi alionja kikombe cha kwanza. "Haya ni maji ya kuoshea vyombo."

Akaonja cha pili. "Huyu alianza kupika, akaitwa nje."

Akaonja cha tatu. Uso ukakunjuka. "Ah! Aliyepika huu kafundwa akafundika."

Msichana aliinamisha macho. "Mama... hicho cha tatu tumekiweka kuonyesha chumvi iliyozidi mno. Watu wengi wanakitema."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mpishi aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Miaka yote hii angeweza kukosa pesa, angeweza kukosa usingizi, lakini ulimi alikuwa nao. Sasa hata huo umemwaibisha mbele ya watu.

Fundi, aliyekuwa katikati ya watazamaji, hakuweza kuvumilia. Akajipenyeza, akakinywa kikombe cha tatu chote, akajipangusa mdomo. "Mke wangu yuko sawa," alitangaza. "Tena hata huu unataka chumvi kidogo."

Alidhani anamtetea. Watu wakacheka zaidi.

Mwisho wa meza hiyo alikuwepo Nesi, jirani yao wa ukuta mmoja, na mashine yake ya kupimia presha. Yeye hakucheka.

"Shemeji," alisema, "njoo ukae hapa."

"Mimi siumwi."

"Sijasema unaumwa. Nimesema ukae. Egemea kiti, weka miguu chini, usizungumze mpaka nikwambie."

Kukaa hakukumsumbua Fundi. Kunyamaza ndiko kulikomtesa. Nesi alimwacha apumzike, akampima. Akamwacha tena, akampima mara ya pili. Kisha akafungua mkanda wa mashine polepole.

"Presha yako iko juu, shemeji. Iko juu sana."

"Ni kelele za hapa."

"Ndiyo maana nimekupumzisha. Na kipimo cha siku moja hakitoshi. Kesho uje zahanati tupime tena, na siku nyingine tena, na daktari akuone. Ila usiseme utakuja halafu ukajitia hamnazo."

"Kumbe ndiyo inayonigonga kichwa?"

"Pengine. Pengine si hiyo, ni macho tu. Presha haina desturi ya kujitangaza. Mtu anakwenda kazini, anacheka, anatania watu, na huku mishipa yake inaharibika. Anakuja kujua siku ameanguka kwa kiharusi, au moyo umedhoofu, au figo zimekataa kazi."

Fundi aliutazama mkono wake uliopimwa.

Mpishi alikuwa amesimama na upawa mkononi. "Nesi," alisema, "ni mimi? Ni chakula changu?"

Nesi alimsogezea kiti. "Presha ina sababu nyingi, dada. Kuna umri, kuna ukoo, kuna uzito, kuna sigara na pombe. Kuna kukaa kwenye cherehani kutwa bila kunyoosha miguu. Chumvi ni sababu mojawapo. Lakini hii moja iko jikoni kwako, unaweza kuishika."

"Nimempikia kwa mapenzi."

"Najua. Ndiyo maana anamaliza sahani."

Mpishi alitaka kulia, ila mbele ya watu hakuthubutu. Nesi akampima na yeye. Presha yake ilikuwa inaanza kupanda.

"Sasa nielewesheni," Mpishi alisema. "Mbona sikuisikia chumvi?"

Yule msichana ndiye aliyejibu, taratibu. "Ulimi unazoea, mama. Ukiupa chumvi nyingi leo, kesho unaona ni kidogo, unadai zaidi. Ukiupunguzia kidogokidogo, nao unazoea. Ila unachukua wiki kadhaa."

"Na wewe unaonja tangu asubuhi," Nesi aliongeza. "Jioni ulimi umechoka, ndipo unampikia mumeo. Mtu mzima, kwa siku nzima, chumvi yake isifike kijiko kimoja cha chai. Yote kwa jumla. Iliyo kwenye mchuzi, iliyo kwenye mkate, na iliyo kwenye vile vidonge vya kukoleza. Vile navyo vimejaa chumvi."

"Kijiko kimoja?" Fundi alishtuka. "Hicho nakimaliza kwenye sahani moja!"

"Shemeji, unaweza kukata kitambaa cha mteja bila kupima?"

"Labda niwe nimerukwa na akili."

"Mbona basi chumvi yenu mnaipima kwa kiganja?"

Baada ya vipimo vya siku kadhaa, zahanati walithibitisha kwamba ni presha. Fundi alipewa dawa za kumeza kila siku, akaambiwa atembee, naye akaanza kwenda dukani kwake kwa miguu huku akinung'unika njia nzima.

Nyumbani kopo la chumvi liliondoka mezani. Vidonge vya mchuzi viliondoka jikoni. Mpishi alinunua kijiko kidogo, na kila wiki akapunguza chumvi kidogo. Fundi alikuja na rula yake, akakwangua juu ya kijiko mpaka chumvi ikawa bapa. Alijifanya ni mzaha, lakini hakuna siku aliyokosa. Badala ya chumvi Mpishi alitia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, na ndimu akiwa anaipua.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki za mwanzo zilikuwa adhabu.

"Mke wangu," Fundi alisema siku moja, "chakula hiki tungeweza kupigia plasta ukuta."

"Kula."

"Nakula. Nasema tu."

"Sema ukiwa umemeza."

Kibandani mambo hayakuwa afadhali. Mlinzi mmoja aliuliza kama Mpishi amegombana na muuza chumvi. Wateja wengine walihama. Siku moja Nesi alimkuta nyuma ya kibanda, amekaa juu ya gunia la mkaa, machozi yanamtoka yenyewe.

"Nimechoka, Nesi. Nimechoka kupika, nimechoka kuonja, nimechoka kulaumiwa. Natamani nitie chumvi watu wafurahi, nami nilale."

Nesi hakumhubiria. Alikaa naye kwenye gunia. "Una haki ya kuchoka," alisema. "Lakini usimrudishe shemeji alikotoka. Kabla ya kuonja, sukutua kwa maji. Na usionje peke yako. Mpe mtu ambaye hajala, aonje kabla hujaongeza."

Tangu siku hiyo mteja wa kwanza kufika ndiye aliyeonja maharagwe. Hilo liliwapendeza watu. Ukimpa mtu kijiko umuulize maoni yake, anajiona mkubwa. Baadhi ya waliohama walirudi, wengine hawakurudi. Mpishi hakuwafuata.

Kichwa cha Fundi kilipotulia, alitaka kuacha dawa. "Nimepona," alimwambia Nesi.

"Hujapona. Dawa inafanya kazi yake. Ukiiacha kwa sababu unajisikia vizuri, presha inapanda tena kimyakimya. Daktari peke yake ndiye wa kubadilisha."

Akaendelea kumeza, shingo upande.

Miezi ilipita. Siku moja walikwenda wote wawili zahanati. Nesi alimpima Fundi, akampumzisha, akampima tena. Mpishi alisimama pembeni ameshika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Imeshuka," Nesi alisema. "Iko mahali pake. Na ya kwako, dada, nayo imetulia. Endeleeni hivyohivyo, na dawa usiiache."

Mpishi alishusha pumzi. Njiani alitembea polepole. Alikuwa amechoka uchovu wa mtu aliyebeba mzigo mzito, akautua, mabega bado hayajaamini.

Walipofika nyumbani alipika wali na mchuzi wa nyanya, kama siku zote. Fundi alikula tonge la kwanza, akasita. Akala la pili polepole.

"Leo umetia nini humu?"

"Nyanya, vitunguu, ndimu."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine. Ni vilevile vya siku zote."

"Siku zote?" Fundi aliutazama mchuzi. "Hizi nyanya ni tamu. Kitunguu nakisikia kabisa, kile pale. Na hii ndimu inakuja mwisho." Akala tena, amefumba macho. "Mke wangu."

"Nini tena?"

"Kumbe unajua kupika!"

Mpishi alinyanyua upawa amchape nao. Mkono ukabaki juu. Wameoana tangu ujana, na mtu huyu ndiyo kwanza anaonja chakula chake. Akaanza kucheka, na machozi yakaja bila kuitwa, akashindwa kujua afuate lipi. Mwishowe akaweka upawa chini, akaketi karibu naye, akamega tonge kwenye sahani yake.

"Hebu na mimi nionje," alisema.