Viti Viwili, Dereva Mmoja

"Nani alikaa kwenye kiti changu?"

Fundi viti alisimama katikati ya banda la gari, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kibanio cha nywele. Mfamasia alikuwa amejikunja juu ya injini ya gari jekundu la michezo, la zamani, la viti viwili tu, aliloachiwa na marehemu baba yake. Aliinuka ghafla, akagonga kichwa kwenye boneti.

"Kiti kipi?"

"Cha dereva. Jumamosi iliyopita nilikiacha ngozi imekaza kama ngoma, leo ina makunyanzi. Na chini yake nimeokota hiki, pamoja na maganda ya vitunguu."

"Labda panya."

"Panya anabana nywele?"

Mfamasia akaanza kutafuta tambara la kufutia mikono, na tambara lenyewe liko begani kwake.

Fundi, dada wa watu, moyo ulimchemka. Miezi minane, kila Jumamosi, alikuja hapa na sindano zake. Milango, dashibodi, paa la turubai, vyote vilipita mikononi mwake. Vicheko vilikuwepo, chai ilikuwepo, neno la mapenzi hakuna. Na Jumatatu alitakiwa kuripoti kwenye kiwanda cha makochi, mji wa mbali. Alikuwa ameapa kimoyomoyo: huyu mwanaume akisema neno leo, habanduki. Asiposema, anafunga begi.

"Gari linawaka?"

"Bado. Linakohoa, linanyamaza. Njoo Jumamosi ijayo tuone..."

"Muongo! Kilomita zimeongezeka kumi na nne. Kioo cha dashibodi nilikisafisha mimi, namba nazikumbuka. Unampakia nani, Daktari? Sema tu, mimi si mtoto."

"Simpakii mtu, haki ya Mungu!"

Simu ya mfamasia ikaita juu ya meza. Aliyepiga ni mama yake, ambaye akiwa jikoni hupiga simu badala ya kutoka nje. Mikono ya mfamasia ilijaa grisi, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Wewe mtoto! Hizo nyaya za plagi ukishazichanganya, Jumapili uzirudishe mahali pake. Nimechoka kuzipanga upya kila nikitaka kwenda sokoni. Na niangalizie kibanio changu cha nywele humo garini."

Mfamasia akaitumbulia simu macho.

"Mama... unaliendesha?"

"Baba yako alifundishwa na nani kuendesha?"

Fundi akamgeukia mfamasia taratibu.

"Unazichanganya nyaya? Makusudi?"

"Mbili tu. Kila Ijumaa." Aliinamisha kichwa. "Likiwaka, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, wewe utakuja kufanya nini hapa?"

Fundi alitaka kuendelea kukasirika, hasira ikamkimbia. Akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Usimcheke mwenzio, binti," simu ikasema. "Jumamosi iliyopita nilikuona kupitia dirisha la jikoni, unafumua kwa wembe mshono wa kiti cha abiria ulioumaliza asubuhi ileile. Nyani haoni kundule!"

Sasa aibu ikahamia upande wa pili. Mfamasia alitabasamu mpaka gego la mwisho.

"Kumbe na wewe?"

"Nyamaza. Jumatatu naanza kazi mji mwingine."

"Usiende."

"Kwa nini? Gari halijaisha?"

"Gari limeisha zamani. Nakupenda, Fundi. Ndiyo maana."

"Hatimaye!" simu ikapiga kelele. "Haya, nakata, nisisikie yasiyonihusu."

Hakukata.

Fundi alitoa simu yake, macho yamemlowa, akaandikia kiwanda: "Nashukuru kwa nafasi, lakini sitakuja. Huku kuna kiti nimekishona, nataka kukikalia mwenyewe."

Siku ya harusi, mfamasia alikagua nyaya mara tatu. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Bibi harusi akaketi kwenye kiti chake cha abiria, mshono umekamilika, haujafumuliwa tena. Bwana harusi akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akamkuta mama yake amekwishakaa, kibanio kichwani, usukani mikononi.

"Mama! Na mimi?"

"Viti ni viwili, baba. Kamata pikipiki." Akatia gia. "Na usikawie. Huyu binti amekusubiri vya kutosha."