Belyse Alivyomsingizia Kocha Shen

Kila Jumanne na Alhamisi, akitoka shule, Belyse alikula haraka, akachukua viatu vyake vya mazoezi na kwenda kwenye ukumbi wa kunyanyua vyuma, karibu na kwao, mtaa wa Hallunda. Mwalimu wa watoto pale alikuwa Kocha Shen, mama mfupi mwenye mabega mapana, aliyewahi kuwa bingwa wa China. Mchana alifanya usafi katika ofisi za mtaa wa Kista, upande wa pili wa jiji. Jioni alipanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, kuja kuwafundisha watoto.

Watoto walimwuliza habari za medali zake, lakini yeye aliwasimulia alivyopelekwa shule ya michezo akiwa na miaka kumi na mmoja, akanyanyua fimbo ya mbao mwaka mzima kabla ya kupewa chuma.

"Mwaka mzima?" Belyse alishangaa.

"Mwaka mzima. Na wewe utabaki na kilo ishirini na tano mpaka nikuambie."

Belyse hakufurahi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwenzake Nicole alikuwa ameshafika thelathini na tano. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu kufika mashindano ya watoto kwenye mtaa wa Vällingby.

Alhamisi moja, Belyse alikuwa peke yake na kocha ukumbini. Kocha alipotoka kumfungulia Nicole mlango, Belyse aliongeza uzito hadi kilo arobaini. Alivuta pumzi, akainua. Chuma kilienda upande, kiganja kikapinduka, naye akaanguka akipiga kelele.

Hospitalini walimwambia kifundo cha mkono kimevunjika. Wakati anafungwa plasta ngumu, baba yake, mzee Janvier, aliuliza, "Nani alikuwekea uzito ule?"

Belyse alitazama sakafu. "Kocha," akajibu.

Kesho yake baba alipiga simu kwa viongozi wa klabu kulalamika. Kocha Shen alipoulizwa, alisema tu, "Nilipaswa kuwa pale." Akaambiwa asije mpaka jambo hilo lichunguzwe.

Siku ya mashindano Belyse alikwenda Vällingby na baba yake kutazama. Nicole alipopanda jukwaani, aligeuka kumtafuta kocha pembeni, asimwone. Alijaribu mara tatu, na mara zote chuma kilimshinda. Alishuka akilia. Belyse alitamani kujificha chini ya kiti.

Wakiwa kwenye treni ya kurudi, hakuweza kuvumilia tena.

"Baba, kocha hakuniwekea uzito. Niliuweka mwenyewe."

Baba alimgeukia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nimemharibia mtu jina lake. Kesho tutakwenda kumwona."

Walimkuta Kista, akimwaga taka za ofisi kwenye mfuko mkubwa. Baba alivua kofia.

"Mama, nimekukosea. Nililalamika kabla ya kukuuliza."

"Mimi ndiye niliyesema uongo," Belyse alisema, machozi yakimtoka. "Naomba unisamehe, Kocha."

Kocha Shen aliweka mfuko chini, akaketi.

"Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili," alisema, "bega langu liliuma. Daktari aliponiuliza nilimwambia siumwi, kwa sababu nilitaka medali moja zaidi. Bega likateguka nikiwa jukwaani, na sikunyanyua tena. Watu wakamlaumu kocha wangu kwamba amenilazimisha. Akafukuzwa, nami nikanyamaza. Baada ya miaka sita nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Mke wake alinionyesha kaburi."

Kisha akamtazama Belyse.

"Nimekusamehe," kocha aliendelea.

Jioni hiyo baba aliwaandikia viongozi wa klabu ukweli wote, na Jumanne iliyofuata Kocha Shen alirudi kazini. Belyse alimwomba Nicole msamaha. Nicole aliukubali, lakini mashindano yale yalikuwa yamekwisha pita, na hayarudi mpaka mwaka ujao.

"Nifanye nini sasa, Kocha?" Belyse aliuliza.

"Yaliyopita huwezi kuyarudisha," kocha alimjibu. "Lakini ukikosea tena, sema siku hiyo hiyo. Kila siku unayonyamaza, mtu mwingine anaumia badala yako. Na huenda siku utakapokuwa tayari kusema, ukamkosa wa kumwambia."