Mume Wangu Alikubali Kuitwa Mwizi wa Ng'ombe

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto watatu, na riziki yangu ni kufua nguo za watu hapa Nakuru. Msinionee huruma kwa kufua, kazi si aibu. Ninachotaka mlilie nami ni jina la mume wangu, Kibet, ambaye wengi wenu kutoka Gilgil hadi Naivasha mlimjua kwa mambo mawili... gita lake, na wizi ambao hakuufanya!

Wanaume wachapakazi nimewaona, lakini Kibet alikuwa wa aina yake. Alikuwa mnyapara wa wachungaji kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Gilgil, mzungu tuliyemwita Bwana Miwani. Jua likichomoza, Kibet alikuwa ameshakagua ndama wote na kuwajua kwa majina. Jumamosi alichukua gita alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, na harusi ikachezwa mpaka vumbi likaingia kwenye chai. Na Jumapili, pamoja na uchovu huo wote, alimbeba binti yetu Cheruto mabegani hadi kanisani. Mtaniambia nini kuhusu waume? Mimi nilipewa!

Hakuwa na kiboko. Alikuwa na wimbo mmoja wa ng'ombe tu, ambao hakuupiga harusini hata akibembelezwa. Aliuimba, na ng'ombe wakaacha majani wakamfuata hadi kwenye josho la dawa bila kusukumwa. Wachungaji wengine walijaribu wimbo huohuo, ng'ombe wakawatazama tu kama wageni wasio na zawadi.

Aliyejaribu kuliko wote ni ndugu yangu Rotich, tumbo moja nami, aliyekuja kukaa kwetu akitafuta kazi. Aliimba mpaka sauti ikakauka. Shamba zima lilicheka! "Rotich, hao ng'ombe ni viziwi, ama ni wewe umekosa chumvi?" walimwuliza. Mwishowe alisema ameacha, wimbo ni wa shemeji yake, na sisi tukasahau.

Kuna jambo moja lililokuwa likiniudhi kwa Kibet. Rotich alipolala hadi jua la saa nne, mume wangu hakumkemea hata siku moja. Kwetu, ndugu za mke ni watu wa heshima. Huwasemi vibaya, na mbele ya wageni huwasemi kabisa. "Shemeji hasemwi, Mama Cheruto," aliniambia kila nilipolalamika. Nilicheka, nikaona ni upole wake tu. Laiti ningalijua upole huo utatupeleka wapi!

Serikali ikatangaza Hali ya Hatari, kwa ajili ya wapiganaji waliojificha msituni. Askari kila njia panda, na mtu akikutwa anapeleka ng'ombe msituni, kitanzi kilikuwa kinamngoja. Asubuhi moja Kibet alitoka kukagua madume ya nyama kwenye uwanja wa mbali. Hakurudi kunywa chai. Nilipashapasha chai ile mpaka ikawa chungu. Kisha wakaja watoto wakikimbia... Mama Cheruto, Baba Cheruto amefungwa pingu!

Askari walimkuta kando ya mto akiwa na madume ya Bwana Miwani, anawaimbia. Yeye alisema alikuwa akiwarudisha. Kutoka wapi? Nani aliyewatoa? Hapo akanyamaza. Mlango wa uwanja haukuvunjwa, waya ulikuwa umefungwa vizuri, na mbwa hawakubweka. Na mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni alisema kwamba kabla hakujapambazuka vizuri alisikia wimbo wa Kibet ukielekea mtoni. Hakudanganya, maskini. Wimbo aliusikia kweli.

Kortini hakimu alimwuliza swali moja tu la maana. Kama si yeye, ni nani mwingine anayefuatwa na ng'ombe hawa? Nilimwangalia mume wangu, nikamwomba kwa macho aseme neno, lolote! Akainamisha kichwa. "Sina la kusema, bwana," akajibu. Kwa kuwa walimkuta akielekea upande wa shamba, si msituni, aliponea kitanzi. Lakini alipewa miaka ya kuvunja mawe.

Sisi tulifukuzwa shambani hata kabla ya ugali kuiva jikoni. Ng'ombe wetu wachache, jasho lake, walichukuliwa mbele ya macho yangu. Nikaja Nakuru na watoto, na gita mgongoni mahali pa mtoto, maana mdogo alikuwa ameshajifunza kutembea.

Na ni nani aliyetushika mkono? Rotich! Kila mwisho wa mwezi alileta unga, sukari, viatu vya Cheruto. Nilimbariki ndugu yangu kwa magoti. Nilipoenda kumwona Kibet gerezani nilimwambia, "Rotich ndiye anayetulea." Alitazama chini, akasema, "Mwambie asante." Mnaelewa maneno hayo, wenzangu? Mimi sikuyaelewa!

Kilichoniua ni Cheruto. Shuleni walimwita mtoto wa mwizi. Mtoto aliyebebwa mabegani hadi kanisani alianza kuficha jina la baba yake, akaandika la mjomba wake. Kibet alipotoka gerezani, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimepondwa na mawe. Alishika gita mara moja, nyuzi zikakataa, akalirudisha ukutani akatabasamu kwa aibu. Binti yake alikuwa mlangoni, anatazama. "Hata hilo gita labda aliliiba," akasema. Nilimpiga kofi. Kibet alinizuia. "Mwache mtoto," alisema. Lakini usiku huo hakula, wala siku iliyofuata.

Nilimwomba aniambie ukweli. Nilimwamini siku zote, sikuhitaji kuaminishwa, lakini mtoto alihitaji! Alinijibu yaleyale... acha, Mama Cheruto, yatapita. Hayakupita. Kifua alichotoka nacho gerezani kilimmaliza masika ya mwaka jana. Kibet alikufa huku Cheruto yuko nje anaruka kamba, maana alikuwa amekataa kuingia kumwona.

Baada ya mazishi, watu wakiwa bado wanakunywa chai uani, Rotich alinivuta pembeni akilia. Nikadhani ni msiba. "Dada," akasema, "usinichukie, maana yeye alinisamehe." Nikamwuliza alisamehewa nini. Akanikazia macho. "Kwani hakukuambia?"

Ndipo akanieleza, na kila neno lilikuwa jiwe. Kibet alikuwa amemfundisha siri ya ng'ombe, ili siku moja apate kazi ya unyapara. Siri haikuwa wimbo. Siri ilikuwa kuwapa mgongo. Ukiimba unawaangalia, wanasimama. Ukiimba unaondoka bila kugeuka, wanakufuata. Rotich akautumia ujuzi huo kuwatoa madume na kuwapeleka kwa wanunuzi wa msituni. Asubuhi ile Kibet aliona nyayo za mtu mmoja mbele na kwato nyuma, akajua ni nani. Alimkuta mtoni. Rotich alimshika miguu akimwomba asimtaje, angenyongwa. Kibet akamwambia apotelee vichakani, akawageuza ng'ombe kuwarudisha. Ndipo askari wakatokea!

"Sasa dada, yaishie hapa," Rotich aliniambia. "Nina mke, nina watoto."

Na mume wangu je, hakuwa na watoto? Nilirudi uani nikasema yote mbele ya waombolezaji, kwa sauti. Sikumpeleka mtu polisi. Nilitaka jina la Kibet tu. Rotich alipiga magoti, hakukana. Mama yangu mzazi aliniambia nimemwua ndugu yangu, na hadi leo hapokei salamu zangu.

Cheruto alisikia kila kitu. Hakulia. Alinifuata jikoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, sasa baba nitamwomba msamaha wapi?" Nyinyi mngemjibu nini?

Ndugu zangu mnaosoma, heshima ni nzuri, lakini heshima inayomfunika mwovu ni sumu ndani ya nyumba. Waume, msiwafiche wake zenu mzigo mkidhani mnawapenda. Wake, msikubali kuambiwa yatapita. Mwenye kosa akiwa wa damu yenu, mtajeni. Mtajeni mapema, huku mwenye haki bado anasikia!