Ganda Lililobonyea

Jumapili saa tatu asubuhi Mikael, msimamizi wa uwanja wa shabaha nje kidogo ya mji wa Jakobsberg, alifungua geti akamkuta Mzee Ssemakula amelala chali kando ya meza ya kupigia. Kifua kilikuwa na tundu. Bunduki yake kuukuu ya kijeshi ilikuwa ubavuni, na sakafuni palikuwa na ganda moja la risasi.

"Kajiua," Mikael alimwambia Inspekta Josefina alipofika. "Geti lilikuwa limefungwa, lakini wanachama wa zamani wote wana funguo."

"Mliwahi kugombana?"

"Tuligombana, sikatai. Bunduki ile inajipakia yenyewe, na kila ikipiga inarusha ganda kama jiwe la manati. Moja liliniunguza sikio. Nikamwambia, likija jingine nakutupa nje wewe na chuma chako."

"Na wewe maganda yako unayapeleka wapi?"

Mikael alicheka kidogo, kisha akakumbuka maiti. "Nanunua risasi dukani, napiga, nafagia, basi. Yeye na rafiki yake Optatus ndio walikuwa wakiokota kila moja kama kuku na mtama, wakayajaze baruti upya. Tatizo, bunduki ya Ssemakula iliyagongesha kwenye chuma wakati wa kuyatoa, yakabonyea mdomo. Yaliyoharibika aliyatia humo."

Alionyesha kopo chini ya meza. Josefina alilitazama, kisha akalitazama lile ganda la sakafuni. Nalo lilikuwa limebonyea mdomo. Akalitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Clare, binti wa marehemu, alimpokea sebuleni akiwa bado na koti.

"Nimemuua mimi," alisema. "Andika hivyo."

"Kaa kwanza, dada. Ilikuwaje?"

"Jana jioni nilimkuta baba, taata wangu, hapo mezani anakata tyubu ya baiskeli ya Maya. Ya mtoto! Nikamwambia bunduki yako unaipenda kuliko mjukuu wako. Nikamwambia umezeeka vibaya. Akakunja kipande chake cha mpira, akakitia mfukoni, akaenda kulala." Clare aliziba mdomo kwa kiganja. "Asubuhi alitoka bila kuniaga. Alikimbia nchi yake na begi moja, akanilea peke yake kwenye baridi hii, na neno la mwisho alilolisikia kwangu ni hilo."

"Huo mpira ulikuwa wa nini?"

"Sikumuuliza."

Josefina hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini alipokuwa mlangoni alirudi akamfungua Clare vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mama anavyomvua mtoto.

Siku ya pili alikwenda maabara. Risasi iliyomuua mzee ilitoka kwenye bunduki yake mwenyewe, hilo halikuwa na shaka. Mwenzake Samir alikwisha kuanza kuandika taarifa ya kufunga jalada.

"Ngoja," Josefina alisema. Aliinamia bunduki. Pale maganda yanapogonga wakati wa kutoka palikuwa pamebandikwa kipande cha mpira mweusi, kipya, na juu yake alama moja tu inayong'aa kama shaba.

"Ipige," alimwambia fundi.

Fundi aliipiga. Ganda liliruka, likaanguka. Mdomo wake ulikuwa mviringo, hauna hata mkunjo. Akapiga tena, na tena. Yote mazima.

"Tyubu ya Maya," Josefina alisema polepole. "Samir, mtu anayetaka kufa asubuhi hahangaiki jioni akitafuta njia ya kuokoa maganda ya risasi za kesho. Na lile la sakafuni halikutoka hapa. Limetolewa kwenye kopo."

"Basi ni Mikael. Alimtishia."

"Mikael hajaokota ganda maishani mwake. Angeliacha lilipoanguka. Aliyekuwapo aliliokota la kweli kwa mazoea, ndipo akagutuka kwamba lazima lionekane moja. Akaweka bovu, maana mtu wa kujaza baruti hapotezi zima."

Alhamisi nyumba ya Clare ilijaa watu wa msiba: Waganda, Wakongo, Watanzania, viatu vimerundikana mlangoni. Mzee Optatus, rafiki wa marehemu, aliyekuwa akija kutoka mtaa wa Fisksätra kila siku tangu Jumapili, alikuwa jikoni akimimina chai. Josefina aliona anapapasa ukingo wa kila kikombe kwa kidole kabla ya kumimina.

"Mzee, shikamoo. Macho yanakusumbua tangu lini?"

Birika lilisimama hewani.

"Marahaba, mwanangu. Uzee tu."

"Ganda zima liko wapi?"

Clare alikuwa ameingia na sinia. Optatus alimwona, na akazeeka palepale. Aliweka birika chini, akatia mkono mfuko wa koti.

"Aliniita nije tuujaribu mpira wake kabla watu hawajafika," alisema. "Akanipa nipige mimi kwanza. Alikuwa na furaha kama mtoto. Akapita mbele kutazama umekaaje. Nilitazama chemba, pale inapokaa risasi, nikaiona tupu, nikavuta kifyatulio kukijaribu. Haikuwa tupu. Daktari alikwisha niambia niache bunduki, nikaficha. Pale uwanjani ndipo mahali pekee katika nchi hii ninapoitwa kwa jina langu."

"Ungepiga simu," Josefina alisema.

"Nilijua amekufa. Niliogopa. Ganda nililiokota bila kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Halafu… lilikuwa zima, mwanangu. Nikatoa bovu."

"Kumpiga ilikuwa ajali," Josefina alisema. "Kumwacha huyu aamini babake amejiua haikuwa ajali. Vaa viatu, mzee. Tunakwenda."

Clare hakupiga kelele. "Nilijipiga kifua mbele yako," alisema. "Ukanipa chai. Ukaniambia Mungu atanisamehe."

Optatus alifungua kiganja, ganda likiwa ndani. Josefina alipaswa kulichukua mara moja, lakini alisubiri. Clare aliinama juu ya ganda lile, asiliguse, akautazama mdomo wake mviringo.

"Taata aliliona?" aliuliza. "Kwamba limetoka zima?"

"Hapana, mwanangu," Optatus alisema. "Hakuwahi."