Maneno Yasiyo na Mwenyewe

Bi Sada wa Kilwa Kivinje alikuwa na shamba la minazi alilopewa na baba yake, Mzee Salumu, na jioni alikaa humo akisuka makuti yake kwa raha. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mwanawe Yahya alikuwa chuo kikuu kule Uganda. Mtaani hapakuwa na mama aliyefurahi kumshinda.

Furaha hiyo, jamani, iliharibiwa na daftari.

Yahya alirudi likizo na kazi ya kukusanya habari za kale za kwao. Mwalimu alimsisitizia: kila neno aliandike pamoja na jina la msemaji, siku na mahali, kisha amwulize mtu wa pili. Yahya akaona huo ni usumbufu mtupu.

Likizo ile ile Mzee Salumu akafariki. Siku ya maziko Kondo wa Kikole, mtani wa ukoo, akajilaza mbele ya jeneza kama ilivyo ada ya watani.

"Haondoki huyu!" akapiga kelele. "Minazi aliipora kwa ndugu yake! Airudishe kwanza!"

Wafiwa wakacheka huku wanalia, Kondo akapewa chake, jeneza likapita. Yahya akaandika: "Minazi ya Salumu ilikuwa ya ndugu yake." Basi! Kondo hayumo, maziko hayamo, utani haumo. Na matanga yote akaendelea hivyo hivyo, kila mzee aliyekuja kutoa pole akiandikwa neno lake bila jina.

"Umeandika na nani kasema?" Bi Sada alimwuliza.

"Nitakumbuka, mama."

Atakumbuka! Mwaka uliofuata alirudi na habari zake amezinakili kwa mwandiko mzuri, akazisoma barazani kwa majivuno. Pazi, mtoto wa huyo ndugu wa Salumu, akaomba nakala. Kijana akampa, tena kwa furaha. Wiki haikupita, Pazi yuko kwa liwali anadai minazi.

Kondo alikuwa ameshafariki. Bi Sada alieleza mpaka sauti ikamkauka, na majirani wakathibitisha kwamba Kondo alitania.

"Utani wa Kondo naujua," Pazi akasema. "Haya yaliyoandikwa ni ya mzee mwingine. Mwulizeni aliyeandika."

"Kijana," liwali akamgeukia Yahya, "utaapa kwamba ni Kondo?"

Yahya akajaribu kukumbuka. Maneno ya wazee wote yalikuwa yamemchanganyikia kichwani. "Nadhani ni yeye, Bwana Liwali. Kuapa siwezi."

Kwa kuwa mwandishi mwenyewe hakuweza kuapa, liwali akaligawa shamba nusu kwa nusu.

Walipofika nyumbani Bi Sada akasema, "Lete hilo daftari, unisomee." Yahya akasoma, na mama asiyejua kusoma akamtajia: hili la Bi Kijakazi, siku ya tatu ya matanga, hili la Bakari fundi, akinywa kahawa pale mlangoni. Yalikuwa maneno arobaini. Aliyataja yote na wenyewe.

"Wote walikaa kwenye mkeka wangu, mwanangu. Ungeniuliza tu."

MAFUNZO

Nyinyi vijana mnaopelekwa vyuoni, sikieni. Ukichukua neno la mtu, chukua na jina lake, na useme kama alikuwa anatania. Usomi si mwandiko mzuri. Nanyi wazazi, msione haya kuwauliza wasomi wenu: nani kasema?

Yahya siku hizi anauliza. Lakini ng'ambo ya mpaka mpya Pazi anaangua nazi, na Bi Sada akipita pale hugeuza uso.