Kifaa Kisichopata Jibu

Sauti ilianzia miguuni. Puu! Nzito, kama gunia la viazi limeangushwa kwenye ghala ya chini ya nyumba, na Gunnvor akahisi theluji yote ya bonde la Kvitådal imeshuka kidogo chini ya skii zake. Akainua macho. Juu kabisa, pale upepo wa siku mbili ulipokuwa umerundika theluji nyuma ya ukingo, ufa ulikuwa unakimbia kutoka kushoto kwenda kulia.

"Eilert!"

Mumewe alikuwa mbele yake hatua sitini. Alipoitwa hakuutazama mlima. Aligeuka kumtazama mkewe, uso wake umejaa wasiwasi, akidhani pengine ameanguka. Kisha mteremko mzima ukaja chini, na upepo wake ukamtupa Gunnvor chali.

Alipofumbua macho, hewa ilikuwa imejaa vumbi jeupe linaloshuka polepole. Kimya. Mbele yake, pale palipokuwa na njia na mwanamume mrefu mwenye kofia nyekundu, palikuwa na mabonge ya theluji makubwa kama majokofu, yamelaliana.

Walikuwa wanakwenda kula Pasaka kwenye nyumba ya mlimani ya marehemu baba yake Gunnvor, kilomita kumi na moja kutoka barabarani. Kila mwaka hivyo hivyo, miaka thelathini na nne ya ndoa yao. Na kama ilivyo kwa wengi wa huko, Eilert alikuwa na kanuni yake: vifaa vya maporomoko ya theluji ni vya siku za kupanda kilele. Siku ya kilele alikuwa mkali kama sajini. Alikagua kifaa cha ishara cha kila mtu kifuani, kile kinachovionyesha vifaa vya wenzake mahali alipofukiwa, beleshi mgongoni, ufito wa kukunja wa kuchomea theluji. Lakini safari ya Pasaka ilipita bondeni, mahali tambarare, na kwake hiyo haikuwa safari ya skii hata kidogo. Ilikuwa matembezi. Asubuhi ile alitoa beleshi lake kwenye begi ili machungwa yaenee, maana Pasaka ya mlimani bila machungwa si Pasaka, na kile kifaa cha ishara akakiacha juu ya rafu ya viatu.

Gunnvor alivaa chake, akatia beleshi na ufito begini mwake. Usiku hakulala vizuri kwa ule upepo.

"Mama," Eilert alimcheka pale mlangoni, "tunakwenda kula Pasaka au tunakwenda vitani?"

"Mgongo ni wangu, baba. Wewe beba machungwa yako."

"Njia hii mbuzi wa baba yako walipita na kengele shingoni."

"Walipita kiangazi."

Alicheka, akambusu kwenye paji la uso, wakaondoka. Gunnvor hakusema zaidi. Baadaye, kwa muda mrefu, ndilo lililomuuma: kwamba hakusema zaidi.

Sasa alivua skii, akakibadili kifaa chake kutoka kutuma ishara hadi kutafuta. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Akakielekeza kwenye theluji, huku na huku, akipanda juu ya mabonge kwa magoti. Hakuna mlio. Kilikuwa kizima kabisa, betri imejaa, kinafanya kila kilichotengenezewa, na chini pale hapakuwa na cha kukijibu. Jibu lilikuwa nyumbani, juu ya rafu ya viatu. Akakisukumia ndani ya koti.

"Macho basi," akajiambia kwa sauti. "Macho, Gunnvor."

Alichomeka fimbo moja ya skii pale alipomwona mara ya mwisho, akaanza kushuka kufuata theluji ilikotiririkia. Hatua thelathini, akaona kitu cha rangi. Chungwa. Mbele yake kidogo la pili, limepasuka. Kisha mkanda wa begi umejitokeza kama sikio. Akavuta, begi likatoka tupu.

Akaunganisha ufito, akaanza kuchoma theluji chini ya pale. Kuchoma, hatua, kuchoma. Ufito ulipofika chini uligonga ardhi ngumu, kila mara ngumu. Alikuwa analia bila kujua. Alichoma mstari mmoja, akarudi na wa pili. Katika mstari wa tatu ufito ukasimama kwenye kitu laini, ukarudi juu kidogo, kama vile mtu unavyomgusa begani kwenye blanketi.

Hakuuchomoa. Akashuka upande wa chini na kuchimba kuingia ubavuni, theluji akiitupa nyuma kati ya miguu. Ilikuwa imeshikana kama saruji. Bila beleshi angekuwa anaikwaruza kwa skii hadi jioni. Kofia nyekundu. Nywele za mvi. Akaacha beleshi, akachimba kwa vidole, akautoa uso, akaingiza kidole mdomoni akatoa donge la barafu.

Midomo ilikuwa ya bluu.

"Baba! Eilert! Vuta pumzi, mkaidi wee! Vuta!"

Akampulizia mara mbili. Mara ya tatu kifua kikashtuka, kikakohoa.

Eilert akafumbua macho.

"Miguu," alinong'ona. "Iko?"

"Iko yote miwili. Mmoja umeelekea kusikotakiwa."

"Upi?"

"Wa kushoto. Usiutazame."

Alimfungia mguu kwa fimbo na mikanda ya begi, akamvalisha kila nguo aliyokuwa nayo. Simu haikushika pale. Ilimbidi apande kilima kidogo cha ng'ambo, ambako mteremko haukufika, na kumwacha peke yake dakika kumi na tano. Hizo zilikuwa ngumu kuliko za kuchimba. Alipojibiwa na waokoaji alitaja mahali, mguu, rangi ya midomo, akarudi mbio. Kuhama hawakuweza. Wakaingia wote wawili katika mfuko wa upepo, gunia la kitambaa ambalo watu wa milimani hujifunika wakisubiri, na Gunnvor akamkumbatia kwa nyuma, mikono ndani ya shati lake.

"Unatetemeka," alimwambia. "Vizuri. Endelea kutetemeka."

"Nilikusikia, mama."

"Lini?"

"Chini kule. Ulipita juu yangu mara mbili. Kila nikikuita theluji inaingia mdomoni." Akavuta pumzi. "Nikajua umekishika kifaa mkononi. Ninakujua. Nikasema, masikini mke wangu, anatafuta kwa kifaa kizima, na mimi ndiye niliyekinyima jibu. Miaka yote nilidhani changu ninakibeba kwa ajili yangu. Kwamba nikikiacha, hatari ni ya shingo yangu tu."

Gunnvor aliegemeza shavu kwenye mgongo wake. Walikaa hivyo wakisikiliza, mpaka mlio wa helikopta ukaanza kupanda kutoka upande wa bahari.

Mguu ulichukua miezi minane. Eilert alipoanza tena kushika skii, aliacha ile kanuni yake ya kilele. Alikunjua ramani mezani, lakini kidole chake hakikufuata njia. Kilipita juu ya njia, kwenye kila mteremko ulioitazama kutoka juu, na kila aliposhuku, vifaa vilitoka kabatini, viwili viwili. Majirani walimtania kwamba sasa anavaa kifaa akienda kutupa takataka. Aliwajibu kwamba ndiyo, na mke wake anamsikiliza kutoka jikoni.

Februari iliyofuata kulikuwa na siku tulivu, baridi kavu, jua. Walitaka kuvuka ziwa lililoganda na kurudi. Eilert alikaa na ramani muda mrefu kuliko kawaida, akatoka hadi uani, akatazama huku na huku, akarudi.

"Pande zote ni msitu na tambarare," alisema. "Hakuna mlima wa kutufikia. Nadhani leo tunaweza kuviacha." Alikuwa amesimama mlangoni, buti moja mguuni, nyingine mkononi. "Wewe unaonaje?"

Gunnvor alikuwa anafunga skafu. Alisimamisha mikono. Tangu aolewe, mlango ule walikuwa wameutoka pamoja mara zisizo na idadi, na swali hilo ndiyo kwanza analisikia.

Akaivuta ramani kwake, akavaa miwani, akaanza kuangalia upya, mteremko kwa mteremko, bila haraka yoyote. Eilert akavua buti, akakaa kumsubiri.